Maziko na Mitaa Yetu ya Mashariki ya Nairobi

Wanafunzi wa sasa wapitao Pumwani kwenda Gikomba huenda hawajui kwamba kabla ya mtaa huo kuwapo, Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji vyao wenyewe pembezoni mwa mji. Palikuwa na Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kileleshwa, na kimoja kilichoitwa Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wa mji walipima viwanja Pumwani, na vijiji vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha wengi wa watu wake wakapelekwa Shauri Moyo.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa kibarua mpita njia. Afanye kazi mjini, akizeeka arudi rizavu akafie huko. Lakini wenye nyumba wa Pumwani, wengi wao Waislamu na wengi wao wanawake, hawakuwa na rizavu ya kurudia. Mji ndio uliokuwa kwao. Mtu akifa, majirani walimwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakambeba mabegani hadi makaburi ya Waislamu ya Kariokor, na ikiwezekana yote yakaisha siku ile ile. Hata jeneza kwao ni chombo cha kubebea tu, ambacho hurudishwa msikitini. Kwa sisi wengine ni sanduku linalozikwa na maiti, na bei yake twaijua sote.

Baadaye, katika miaka ya 1940, mitaa kama Kaloleni ilijengwa, na watu wa Nyanza na Magharibi wakaja kwa wingi. Hawa walitaka kuzikwa kwao, siku nzima ya safari au zaidi. Vyama vya kwao, kama Luo Union, vilishughulikia mambo mengi, lakini wazee wanakumbuka zaidi michango ya kusafirisha maiti. Na maiti wa kusafirishwa hawezi kukaa bila mochari.

Mochari ya mji ina historia ya peke yake. Tarehe 16 Machi 1922 askari walipowapiga risasi watu waliodai Harry Thuku afunguliwe, serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Waafrika walisimuliana habari iliyotoka kwa mfanyakazi wa mochari, kwamba maiti walikuwa 56. Na ni katika City Mortuary kwamba wakili S. M. Otieno alilala tangu alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mkewe Wambui akitaka kumzika Ngong, ukoo wa Umira Kager ukimtaka Nyalgunga. Ukoo ulishinda, akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Siku 154! Nairobi nzima ilibishana: je, mtu wa mji kwao ni wapi? Watu wa Pumwani walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo zamani, ila hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Siku hizi mochari hiyo yaitwa Nairobi Funeral Home, na ziko za binafsi pia, kama Lee, walikohifadhiwa marais Moi mwaka 2020 na Kibaki mwaka 2022. Makaburi ya Lang'ata, yaliyofunguliwa 1958, yalitangazwa kujaa mwaka 1996, na bado watu huzikwa humo.

Mwenzetu mmoja wa darasa, kijana wa Pumwani, alifariki alfajiri. Sisi tuliotoka bara tukaitana tukutane jioni tupange mchango, tuchague mweka hazina, tuulize gari. Tulipofika kwao saa kumi na moja tulikuta watu wanarudi kutoka Kariokor, na viatu vyao vina udongo. Tulisimama uani tumeshika bahasha zetu. Mama yake alitukaribisha kahawa, na fedha zile zikamlipia mdogo wake karo ya muhula.