Maungio ya Seli: Historia ya Majina na Kazi ya Mfasiri

Miongoni mwa maneno ya elimu ya viumbe, ni machache yanayomhadaa mfasiri kama yale yanayotaja mahali seli moja inaposhikana na jirani yake. Hadaa hiyo haitokani na ugumu wa lugha za kigeni. Majina hayo yalitolewa katika nyakati mbalimbali, na watu wenye vyombo vya nguvu mbalimbali, na kila jina limebaki na alama ya kile alichoweza kukiona mtoaji wake. Mwenye kufasiri pasipo kuijua historia hiyo hulifasiri jina, na kitu chenyewe kikampita.

Kwanza tuangalie neno letu wenyewe. Wengi hukimbilia "kiungo". Lakini neno hili limekwisha kulemewa: ni mkono au mguu, ni ini au figo, ni mahali mifupa miwili inapokutana, ni bizari ya mchuzi, na uwanjani ni mchezaji wa katikati. Mwanafunzi wa uuguzi akiambiwa kuwa viungo vya moyo vimeharibika, ataelewa lipi? "Maungio", ambayo umoja wake ni "ungio", yana nafuu kwa kuwa hutaja mahali pa kuungana tu, na ndiyo nitakayoyatumia hapa.

Mwaka 1864 Max Schultze, mtaalamu wa Kijerumani, alieleza kwamba seli za ngozi ya juu zinaonekana kuwa na miiba pande zote, akadhani kwamba miiba ya seli moja huingia baina ya miiba ya nyingine. Baadaye Giulio Bizzozero wa Italia aliona vijifundo vidogo katikati ya miiba hiyo, akasema kuwa hapo ndipo ncha mbili zinapogusana. Alikuwa karibu sana na ukweli. Hata hivyo rai iliyotawala kwa miongo mingi ilikuwa nyingine, nayo ni kwamba miiba ile ni madaraja, na kwamba maada hai hupita humo bila kizuizi kutoka seli hata seli. Jina la "madaraja" likaingia vitabuni. Mwaka 1920 Josef Schaffer akavipa vijifundo vile jina la Kiyunani, desmosomu, kutokana na "desmos", yaani kifungo, na "soma", yaani mwili.

Ubishi huo usingeweza kumalizwa kwa vyombo vya wakati ule. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanometa 200 hivi, na nafasi iliyopo baina ya seli mbili penye desmosomu ni kiasi cha nanometa 30 tu. Ilipopatikana hadubini ya elektroni, jambo likawa wazi. George Odland, katika uchunguzi wake wa ngozi ya binadamu uliochapishwa mwaka 1958, alionyesha kuwa kila seli imezungukwa na utando wake kamili. Madaraja hayakuwapo. Kilichopo ni vibapa viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande, na nyuzi za ndani ya seli zimefungwa katika kila kibapa. Basi mfasiri anayeandika "daraja" leo anarejesha rai iliyokufa. Kwa maoni yangu neno linalofaa ni "kishikizo", kwani kishikizo cha nguo nacho hushonewa kwa uzi upande wake kisha kikashika upande wa pili. Uzito wa jambo hili huonekana katika maradhi ya pemfigasi, ambamo kinga ya mwili hushambulia protini za vishikizo hivyo. Seli za ngozi huachana na malengelenge hutokea. Mgonjwa akielezwa kwamba vishikizo vimefunguka ataelewa. Akielezwa habari za madaraja atapotezwa.

Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade walichapisha uchunguzi wao wa tishu zinazofunika tumbo, utumbo, figo na sehemu nyinginezo za panya na pimbi wa maabara. Waliona kuwa karibu na uso wa tishu maungio hufuatana kwa utaratibu: kwanza ukanda wa kuziba, kisha ukanda wa kushika, kisha kishikizo. Wao walitumia Kilatini, na hapa Kilatini kilikuwa na hekima kuliko Kiingereza kilichofuata. Kiingereza hulitaja ungio la kwanza kwa neno lenye maana ya kubana au kukaza, na mfasiri huvutwa kuandika "ungio lililokaza", kana kwamba sifa yake ni nguvu. Kazi yake kuu ni kuzuia maji na chumvi visivuje baina ya seli. Mafundi wa majahazi hawachanganyi mambo haya: msumari hushika mbao, kalafati huziba. Nasi tuseme "ungio la kuziba".

Jina lenye hatari zaidi ni la ungio la tatu. Zamani iliaminika kuwa msuli wa moyo ni kitu kimoja kisichogawanyika, mpaka Fritiof Sjöstrand na Ebba Andersson walipoonyesha mwaka 1954 kuwa nao una seli zilizotengwa kwa tando. Je, mpigo hupitaje? Mwaka 1959 Edwin Furshpan na David Potter walikuwa wamekwisha kuonyesha, katika neva za kamba wa maji baridi, kuwa umeme huweza kupita moja kwa moja kutoka seli hata seli. Mahali penyewe palidhaniwa kuwa tando mbili zimeyeyushana. Mwaka 1967 Jean-Paul Revel na Morris Karnovsky walitumia madini ya lanthanamu katika moyo na ini la panya, nayo ikapenya katikati ya tando hizo na kudhihirisha mwanya wa nanometa 2 hivi. Kwa ajili ya mwanya huo ungio likaitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya pengo. Jina hilo lilikuwa jibu katika mabishano ya maabara, wala halikukusudiwa kueleza kazi. Kazi yake ni kinyume cha pengo: mifereji midogo ya protini huvuka mwanya na kuruhusu chumvi na molekuli ndogo kupita pande zote mbili. Kwa hiyo "ungio la pengo" ni tafsiri sahihi ya neno na ni kosa la elimu. Napendekeza "ungio la kupitishana".

Ajabu ni kwamba neno "sinapsi" lilipatwa na kisa cha upande wa pili. Charles Sherrington, alipohitaji jina mwaka 1897, alikuwa na neno lenye asili moja na desmosomu. Arthur Verrall, bingwa wa Kiyunani, ndiye aliyeshauri sinapsi, lenye maana ya kushikamana. Miaka ya 1950 ikaonekana kuwa aghalabu seli za neva hazigusani hapo. Neno hili tuliache kama lilivyo, kwa sababu msomaji wetu hasikii Kiyunani ndani yake. Kisha mwalimu ataweza kuandika bila kujipinga kwamba baadhi ya sinapsi, kama zile za kamba wa Furshpan na Potter, ni maungio ya kupitishana.