Kutoka Rika hadi Kamukunji: Wanafunzi wa Barabara ya Thika na Vyama Vyao

Vyuo vinapopokea wanafunzi wapya, stendi ya Juja hujaa vijana wenye magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, mitungi midogo ya gesi na mabegi yaliyofutuka. Wengi hawajui darasa liko wapi wala chumba watakipata wapi, lakini swali moja huwafikia mapema kuliko yote: wewe ni wa kaunti gani? Jioni haijaingia, mgeni ameshatiwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao, na mwenyekiti ambaye hajawahi kuonana naye amemkaribisha kwenye kikao cha freshaz.

Wadi ya Murera, katika eneobunge la Juja, iko katikati ya mambo haya. Mwendo mfupi tu kuna JKUAT pale Juja, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa, Zetech iko Ruiru na Mount Kenya Thika. Mashamba ya mkonge na kahawa yamegeuka ploti za kupangisha, na wapangaji wengi ni wanafunzi. Katika nyumba hizo vyama vya watu wa kaunti moja ndivyo hupanga nani atachangiwa akifiwa, nani atatafutiwa karo, na nani apigiwe kura.

Waliosoma Marekani watakumbuka vyama vya undugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Phi Beta Kappa ilianza mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary. Wanafunzi Weusi walipofungiwa milango waliunda vyao, na Alpha Phi Alpha ikazaliwa Cornell mwaka 1906. Kwame Nkrumah alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma tangu siku zake za Lincoln, Pennsylvania. Nigeria nayo ilipata Pyrates mwaka 1952, Wole Soyinka na wenzake sita walipoianzisha Ibadan kwa nia njema; makundi mengine yaliyoiga mfano huo miaka ya baadaye yaliishia kumwaga damu vyuoni. Kenya haikupita njia hiyo. Vyuo vyetu vililelewa na Waingereza, na Waingereza hujenga udugu wa wanafunzi kwa mabweni. Makerere ni shahidi: hadi leo mtu aliyesoma huko atakuambia kwanza alilala bweni gani, Lumumba au Mary Stuart, kabla ya kukuambia alisomea nini.

Lakini upande huu wa Kiambu ulikuwa na udugu wake wa zamani kuliko bweni lolote. Vijana wa Agikuyu waliotahiriwa msimu mmoja walikuwa rika moja, na rika hilo lilipewa jina la tukio la wakati wake. Kuna rika lililoitwa Ndege, kwa ajili ya eropleni. Mtu wa rika lako hukumnyima chakula wala mahali pa kulala, na akikosea, nyinyi wa rika lake ndio mliomkanya kwanza. Jomo Kenyatta alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya.

Na udugu huo wa marika ulijenga chuo. Peter Mbiyu Koinange alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa amepitia Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri, hapa hapa Kiambu, ili kuandaa walimu wa shule huru ambazo hazikuwa chini ya wamisionari. Pesa zilikuwa chache daima. Kenyatta aliporejea nchini mwaka 1946 na kushika usukani wa chuo, michango ilipitia kwenye marika. Kila rika lilitakiwa kuleta lake, na marika yakashindana. Wazee hawakutaka kuaibishwa na vijana, wala vijana hawakukubali kuachwa nyuma. Kwa maoni yangu huo ndio mfano bora wa chama ambao eneo hili limewahi kutoa: watu wanajumuika kwa umri wao, na jasho lao linakwenda kwa shule ya watoto wa wote. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Baada ya uhuru elimu ya juu ilishuka kwenye barabara ya Thika kupitia kambi ya jeshi. Kambi ya Templer ya Waingereza pale Kahawa ilikabidhiwa serikali mwaka 1965 na kuwa Kenyatta College. Mwaka 1970 ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi ilipojitegemea mwaka 1985. Juja ilifuata kwa msaada wa Japani, juu ya ardhi iliyotolewa na Mzee Kenyatta. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwezi Mei 1981, wakati huo kikiwa chuo cha kilimo na teknolojia.

Hapo ndipo siasa ilipoingilia. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, kiliundwa mwaka 1982, na kilikuwa cha kila komredi, yaani kila mwanafunzi, awe wa Kwale au wa Turkana. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo likaleta balaa. Vyuo vilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenyekiti wa SONU, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. SONU ilifufuka mwaka 1987, lakini Novemba ya mwaka huohuo ikapigwa marufuku tena, na mwenyekiti wake, Wafula Buke, akafungwa miaka mitano.

Mahali pa chama cha wote palijazwa na vyama vya wilaya. Utawala haukuvipinga, ulivipa nafasi, kwa sababu vijana waliogawanyika kwa wilaya hawaandamani pamoja. Mbunge akawa mlezi, harambee ikafanyika kwa jina lake, na misafara ya wanafunzi kwenda Ikulu kutangaza uaminifu ikawa sehemu ya siasa za wakati ule. Mwaka 1991 serikali ilipowatwika wanafunzi gharama za masomo na bumu, ile posho yao, kukatwa, mtoto wa maskini alimhitaji mlezi huyo kuliko wakati mwingine wowote. Simlaumu aliyejiunga. Njaa haisubiri katiba ya chama.

Itazame JKUAT kwa jicho hilo. Ilifanywa chuo kishiriki cha Kenyatta mwaka 1988 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Yaani ilikua na kukomaa katika miaka ileile ambayo chama cha wanafunzi wote kilihesabiwa kuwa uhaini. Naamini ndiyo sababu swali la kaunti lina uzito mkubwa hivi Juja, Murera na Ruiru. Wilaya zilipobadilishwa kuwa kaunti, vyama vilibadilisha jina tu na kuendelea. Hata katika Christian Union, timu za uinjilisti mara nyingi hupangwa kwa maeneo wanakotoka wanafunzi.

SONU ilirudi mwaka 1998. Kisha mabadiliko ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yakaleta uchaguzi wa wajumbe badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura mwenyekiti wake. Nia iliyotajwa ilikuwa kupunguza fujo na ukabila, na fujo za uchaguzi zilikuwepo kweli. Lakini wajumbe wachache ni rahisi kukutana nao chumbani usiku kuliko umati wa kamukunji, ule mkutano wa hadhara wa wanafunzi wote, na aliye na mtandao wa kaunti nyuma yake ndiye hujua vyumba vyenyewe.

Kamukunji haijafa. Karo ikipanda au mwenzao akigongwa na gari barabarani, makomredi bado hutoka hosteli zote wakakusanyika, na siku hiyo hakuna anayeuliza jina la pili la mtu. Freshaz wa mwaka huu, jiunge na chama cha kwenu; kitakufaa ukiugua na kitakusaidia kuzika ukifiwa. Ila ukiitwa kamukunji nenda, na ukiingia chumba cha kupigia kura, mwache mwenyekiti wa kaunti nje ya mlango.