Mwaka Ambao Watoto wa Colombia Walipiga Kura

Apartadó ni mji wa mashamba ya ndizi katika eneo la Urabá, kaskazini-magharibi mwa Colombia. Katika miaka ya tisini, waasi wa FARC na makundi ya wanamgambo waligombea kila shamba na kila barabara huko, na wafanyakazi wa mashambani ndio walioandamwa. Januari 1994, katika mtaa wa La Chinita, watu 35 waliuawa kwa usiku mmoja wakiwa kwenye sherehe ya mtaani.

Mwaka 1996 alifika huko Graça Machel, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Msumbiji, akikusanya habari kwa ajili ya ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita. Watoto wa Apartadó walijipanga kumpokea. Waliandika tamko lao, wakazitaka pande zinazopigana ziache kuwafanya yatima. Kitendo hicho kiliwafungua macho wengi, kwa sababu watu wazima katika mji huo walikuwa wanaogopa hata kutaja majina ya makundi yenye silaha.

Miezi michache baadaye, kwa msaada wa UNICEF, mtandao wa amani wa Redepaz na shirika la País Libre, uliandaliwa uchaguzi wa watoto. Karatasi ya kura haikuwa na jina la mgombea hata mmoja. Iliorodhesha haki zilizomo katika Mkataba wa Haki za Mtoto, na kila mtoto aliulizwa ipi inamhusu zaidi yeye na jamii yake. Tarehe 25 Oktoba 1996 walijitokeza nchini Colombia zaidi ya watoto milioni 2.7. Haki zilizoongoza zilikuwa uhai na amani.

Kisheria kura ile haikumfunga mtu yeyote, na ni rahisi kuiona kama tamasha la shule. Mimi siioni hivyo. Mtoto hana kadi ya mpiga kura, kwa hiyo mwanasiasa hana cha kupoteza akimsahau. Watoto wa Colombia walipata njia ya kuukwepa ukuta huo: waliwapa wazazi wao ajenda. Tarehe 26 Oktoba 1997, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, watu wazima walikuta karatasi ya ziada kituoni, ya kuunga mkono amani. Miongoni mwa madai yake lilikuwamo hili: asiingizwe vitani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Takriban watu milioni 10 waliiunga mkono.

Mwaka uliofuata Rais Andrés Pastrana aliingia madarakani akiahidi mazungumzo na FARC, na mwaka 1999 sheria ikalikataza jeshi la serikali kuandikisha walio chini ya miaka 18, hata kwa idhini ya wazazi. Sheria hiyo haikutokana na karatasi za watoto peke yake, lakini bila karatasi hizo suala la umri lisingekuwa mikononi mwa mamilioni ya wapiga kura.

Mazungumzo yalivunjika Februari 2002. Mwezi Mei, wanamgambo na FARC wakipigana huko Bojayá, jirani na Urabá, bomu la waasi liliangukia kanisa lililojaa wanakijiji waliokimbilia humo. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto.

Tarehe 2 Oktoba 2016 mkataba wa amani na FARC ulipelekwa kwa wananchi waupigie kura. Waliopiga kura ya watoto mwaka 1996 sasa walikuwa watu wazima wenye kadi zao, lakini zaidi ya asilimia 60 ya walioandikishwa nchini hawakwenda vituoni. Mkataba ulikataliwa kwa pengo la kura zisizofika 54,000, ukarekebishwa na kupitishwa na Bunge mwezi Novemba. Huko Bojayá, asilimia 96 ya waliopiga kura walikuwa wameukubali.