Mzee Mwenye Moyo Dhaifu: Dawa Peke Yake Hazitoshi

Nimefanya kazi ya uuguzi katika nyumba za kutunzia wazee Uingereza. Niliyoyaona huko nayaandika kwa sababu wengi wetu hapa Pwani tuna mama au babu mwenye maradhi haya, naye hutunzwa nyumbani.

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Umechoka kusukuma damu, basi maji hubaki mwilini, yakajaa miguuni, tumboni na mapafuni. Furosemaidi humsaidia mgonjwa kuyakojoa.

Kosa la kwanza hutokea siku mzee anaporudi kutoka hospitali. Dozi imebadilishwa, lakini daftari la dawa bado lina ile ya zamani. Lasix na furosemaidi ni dawa moja. Nimezikuta zimeandikwa mistari miwili, mgonjwa akimeza zote.

La pili ni kupima bila kusoma. Mzee mmoja uzito wake ulipanda juma zima. Kila siku umeandikwa kwa hati nzuri, na hakuna aliyemwita daktari mpaka pumzi ilipombana usiku. Mpime kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ile ile. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hiyo si shibe, ni maji. Piga simu siku hiyo hiyo.

La tatu ni kusahau vipimo vya damu. Spironolaktoni huweza kupandisha potasiamu hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Digoksini hulimbikizana figo zikidhoofika: mzee hukosa hamu ya chakula, hutapika, huchanganyikiwa, mapigo yakaenda polepole. Watu husema ni uzee, kumbe ni dawa.

Nyumbani kwetu hatari ni zile zile, na nyingine juu yake. Watoto hupokezana zamu bila kuambizana nani kashampa dawa. Magoti yakiuma, hununuliwa diklofenaki au ibuprofeni dukani, nazo huzuia maji mwilini na kuumiza figo. Ng'onda na achari navyo vina chumvi nyingi.

Basi awepo mtu mmoja mwenye dhamana, daftari moja na mfuko mmoja wa dawa, viende pamoja na mzee kila kliniki. Kabla ya kuondoka, muulizeni daktari mambo matatu: dawa gani imeongezwa, ipi imeachwa, na damu itapimwa lini tena. Msipunguze wala kuongeza dozi wenyewe.