Kijani cha Isimani: Historia ya Kutambua na Kukusanya Omfasaiti katika Nyanda za Juu Kusini

Makala haya yanajadili namna madini ya kijani yaitwayo omfasaiti yalivyotambuliwa katika miamba geu ya Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, na sababu za utambuzi huo kufikia machapisho ya kimataifa mwaka 1995, karibu miaka mia moja baada ya wanajiolojia wa kwanza kupita katika nyanda hizo. Hoja kuu ni kwamba rangi peke yake si ushahidi. Omfasaiti hutambuliwa kwa madini yanayoambatana nayo na kwa mahali ilipochukuliwa. Sampuli iliyopotezewa mahali pake imepotezewa pia historia yake.

Omfasaiti ni madini ya jamii ya piroksini. Abraham Gottlob Werner aliyapa jina mwaka 1815 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya zabibu mbichi, kwa sababu ya rangi yake. Mwamba unaoundwa hasa na omfasaiti na garneti nyekundu huitwa eklojaiti, jina lililotolewa na René Just Haüy mwaka 1822. Mwamba huu hutokea pale ambapo mwamba wa asili ya basalti huzamishwa katika kina kirefu ardhini na kubanwa na shinikizo kubwa. Kwa hiyo punje ya omfasaiti ndani ya eklojaiti ni kumbukumbu ya safari ya kushuka na kupanda tena.

Kumbukumbu hiyo haikusomwa mapema. Wilhelm Bornhardt alichunguza jiolojia ya koloni la Wajerumani katika miaka ya 1890 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1900. Katika enzi ya Waingereza, dhahabu ya Lupa, katika eneo la Mbeya, iliwavuta wachimbaji kuanzia miaka ya 1920, na macho yao yalitafuta mchanga wa mito na mishipa ya kwazi. Mwaka 1950, R. B. McConnell alichapisha muhtasari wa jiolojia ya Ufipa na Ubende. Kazi hizi ziliweka msingi wa ramani. Hata hivyo, nadharia ya mabamba ya dunia ilikubalika kwa upana mwishoni mwa miaka ya 1960 tu. Kabla yake, swali ambalo omfasaiti ingeweza kulijibu lilikuwa bado halijaulizwa kwa namna tunayoifahamu leo.

Isimani yenyewe inafahamika zaidi katika historia ya Tanzania kwa kilimo cha mahindi na kwa mgogoro wa ardhi uliohusishwa na kifo cha Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, Desemba 1971. Mwaka 1995, Andreas Möller, Peter Appel, Klaus Mezger na Volker Schenk walilileta jina hilo katika mjadala mwingine. Walionesha kwamba eklojaiti za kilima cha Yalumba zina umri wa takribani miaka bilioni 2, na kwamba shinikizo lililoziunda linalingana na kina cha zaidi ya kilomita 50. Walihitimisha kuwa sakafu ya bahari ya kale ilizama chini ya bamba jingine katika eneo hilo. Wakati huo hapakuwa na ushahidi wa eklojaiti wa kale zaidi wa mchakato wa namna hiyo.

Kutambua omfasaiti uwandani kunahitaji subira, kwa kuwa kijani ni rangi ya madini mengi. Kloraiti ni laini na hukwaruzika kwa ukucha au kwa sarafu. Epidoti huelekea kijani cha kimanjano. Aktinolaiti hujitokeza kama sindano ndefu, na mipasuko yake hukutana kwa pembe ya nyuzi 124 hivi, ilhali ile ya piroksini hukaribia nyuzi 90. Dalili za eklojaiti ni tatu: jiwe ni zito mkononi kuliko granaiti ya ukubwa uleule; garneti nyekundu zimetawanyika katika kijani; na felspari nyeupe haipo. Ikiwa weupe unaonekana kama pete kuzunguka garneti, huenda mwamba uliwahi kuwa eklojaiti kisha ukabadilika ulipokuwa ukipanda. Katika hali hiyo omfasaiti huweza kusalia ndani ya garneti tu. Anayechagua kipande kizuri na kutupa chenye pete hutupa nusu ya ushahidi. Hata hivyo, uthibitisho wa mwisho hutoka kwenye hadubini na uchanganuzi wa kikemia maabarani.

Umuhimu wa mahali unadhihirika zaidi katika Ukanda wa Ubende, unaoanzia pande za Ziwa Tanganyika na kuelekea kusini-mashariki hadi Mbeya. Mwaka 2012, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walionesha kuwa eklojaiti za ukanda huu si za zama moja. Zile za Ubende zina umri wa karibu miaka bilioni 1.9, zile za Ufipa ziliundwa kati ya miaka milioni 600 na 500 hivi iliyopita. Mawe mawili yanayofanana kwa rangi yametenganishwa na zaidi ya miaka bilioni moja. Lebo iliyoandikwa "Nyanda za Juu Kusini" pekee ingeyachanganya matukio hayo mawili.

Hatari hiyo si ya kinadharia. Garneti ya kijani iliyogunduliwa na Campbell Bridges kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 iliingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la tsavorite, linalotokana na Hifadhi ya Tsavo nchini Kenya. Jina likikaa, mahali pa ugunduzi hubaki katika tanbihi. Omfasaiti haina soko la vito linaloweza kuitetea. Mlinzi wake ni daftari la mkusanyaji.

Kwa hiyo mkusanyaji hana budi kupata kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, kujitambulisha kwa uongozi wa kijiji, na kuzingatia Sheria ya Madini. Kabla ya kupiga nyundo, aandike majira ya nukta, apige picha ya mwamba ulivyo, na kuchora mshale wa mwelekeo juu ya jiwe. Kipande kimoja kati ya viwili kibaki nchini, katika hifadhi ambayo mtafiti wa kesho ataweza kuifikia. Bila hivyo, atakayetaka kuhakiki historia ya Isimani atalazimika kuvuka bahari kulifuata jiwe lililotoka Iringa.