Preston North End na Ujira wa Mchezaji

Vijana wetu wanaokesha mbele ya runinga kufuatilia kandanda ya Uingereza hawahitaji kukumbushwa habari za Arsenal ya msimu wa 2003–04, iliyocheza michezo 38 ya ligi pasipo kufungwa hata mmoja, ikapewa lakabu ya Wasioshindwa. Lakini ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba lakabu hiyo ilikuwa ya kurithi, na kwamba mwenyewe wa asili, aliyeipata miaka 115 kabla yao, ni klabu ya mji mmoja wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire, ambayo haijalikanyaga daraja la juu tangu mwaka 1961. Klabu hiyo ni Preston North End. Nimeisoma tarikhi yake kwa mapenzi ya muda mrefu, na kila nikiirudia huona kwamba chini ya mabao na vikombe kuna jambo moja lililoiandama tangu utoto hata utu uzima wake, nalo ni suala la ujira: je, mtu anayewafurahisha maelfu kwa miguu yake ana haki ya kulipwa, na akilipwa, ni nani mwenye mamlaka ya kukadiria kiasi?

Mji wa Preston umekaa ukingoni mwa mto Ribble, na katika karne ya 19 ulikuwa kama msitu wa dohani, kila dohani ikiwa na kiwanda chake cha kusokota au kufuma pamba iliyoletwa kwa marikebu kutoka ng'ambo. Ndimo alimozaliwa Richard Arkwright mwaka 1732, yule aliyesifika kwa mtambo wa kusokota nyuzi kwa nguvu za maji. Watu wa mji huo waliishi kwa king'ora cha kiwanda, wakaamka nacho na kulala nacho, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1850 iliyoamuru viwanda vya nguo visimamishe kazi ya wanawake na vijana saa nane mchana siku ya Jumamosi. Na kwa kuwa mitambo haikuweza kuzunguka bila ya mikono hiyo, wanaume nao wakafunguliwa. Mchana ule mmoja wa wiki, mtupu na wa thamani, ndio uliokuja kujazwa na mpira, na saa tisa ya Jumamosi ikawa saa ya kandanda nchini mwao kwa muda wa zaidi ya miaka 100.

Klabu yenyewe ilianza kwa kriketi, ikahamia katika kiwanja cha Deepdale mwaka 1875, ikajaribu raga, isifanikiwe, na mwaka 1880 ndipo ilipokata shauri kushika kandanda. Mwanzo wake haukuwa wa fahari, kwani mwaka uliofuata ilicheza na jirani zake Blackburn Rovers ikapigwa mabao 16 bila. Aibu ya siku ile ilimkaa moyoni bwana mmoja aliyeitwa William Sudell, msimamizi katika kiwanda cha pamba, mtu wa hesabu na mipango, ambaye hakuona sababu ya timu kuendeshwa kwa nasibu ilhali kiwanda hakiendeshwi hivyo. Aliwatazama Waskoti, ambao wakati ule walikuwa wamewapita Waingereza kwa maarifa ya mchezo, kwa maana Mwingereza alipopata mpira aliinamisha kichwa akakimbia nao mpaka anyang'anywe, ilhali Mskoti alimtazama mwenzake akampasia. Basi akaanza kuwaita waje Preston, mmoja baada ya mmoja, akiwaahidi kazi viwandani na katika maduka ya mji. Kazi zilikuwepo kweli, lakini kila mtu alijua kwamba hawakuvuka mpaka kwa ajili ya kusokota nyuzi.

Sheria ya Chama cha Kandanda cha Uingereza ilikataza kumlipa mchezaji. Walioitunga ni mabwana waliosoma katika shule za wenye nasaba, wala hawakuwa na haja ya malipo. Kwao mchezo ulikuwa pambo la mtu aliyekwisha kushiba, na mwenye kuchezea fedha walimwona kama mtu aliyetia najisi kitu safi. Mwezi wa Januari 1884 Preston ilitoka sare na Upton Park ya London katika kombe la chama, na wageni wakashitaki kwamba wenyeji wao wana wachezaji wa kulipwa. Klabu nyingine zilizowahi kushitakiwa zilikana, zikaficha madaftari. Sudell hakukana. Alisimama mbele ya wakubwa wa chama akakiri kwamba aliwaleta watu na kuwatafutia kazi, akaongeza kwamba mtindo huo umeenea katika klabu zote kubwa za kaskazini. Preston ikafukuzwa mashindanoni. Lakini neno lilikwisha kusemwa hadharani, na klabu za Lancashire zikatishia kujitenga na kuunda chama chao wenyewe, hata katika Julai 1885 wakubwa wakasalimu amri, ujira ukawa halali. Nathubutu kusema kwamba siku ile ya kukiri ni kubwa kuliko vikombe vyote alivyovitwaa baadaye, kwa sababu kabla yake mchezaji maskini alikuwa mwizi wa jasho lake mwenyewe.

Katika siku hizo hizo alipita Deepdale mtu ambaye sisi Waafrika tuna wajibu wa kulihifadhi jina lake. Arthur Wharton alizaliwa Jamestown, Accra, mwaka 1865, akapelekwa Uingereza asomee kazi ya umisionari, lakini Mungu alikuwa amempa miguu ya ajabu: mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili katika mashindano ya ubingwa wa nchi yaliyofanyika Stamford Bridge, London. Msimu wa 1886–87 alilinda lango la Preston katika safari ya kombe iliyokomea nusu fainali mbele ya West Bromwich Albion. Hakudumu, hivyo hakuwemo katika kikosi cha miaka ya utukufu. Baadaye alichezea Rotherham kwa ujira, akahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuishi kwa kandanda ya kulipwa, kisha akaishia chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe ya Yorkshire. Alifariki mwaka 1930 hali ya ufukara, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe, na jiwe hilo halikuwekwa mpaka mwaka 1997. Miaka 67 ni mingi mno kwa mtu kulala bila jina.

Ujira ulipokuwa halali, ulihitaji mapato ya hakika, na mapato ya hakika yalihitaji michezo iliyopangwa kwa tarehe. Hiyo ndiyo asili ya ligi iliyoundwa mwaka 1888 kwa juhudi ya William McGregor wa Aston Villa, ikiwa na klabu 12, sita za Lancashire na sita za nchi ya kati. Preston wakati huo ilikuwa imekwisha kutisha. Mwaka 1887 iliifunga Hyde mabao 26 bila katika kombe, hesabu isiyopata kufikiwa tena katika mashindano hayo. Na husimuliwa kwamba kabla ya fainali ya 1888 wachezaji wake waliomba wapigwe picha na kombe mapema, kabla ya nguo kuchafuka, mwamuzi akawauliza kama si afadhali walishinde kwanza. Walifungwa na West Bromwich Albion 2–1.

Funzo lile liliwaingia. Msimu uliofuata, ulio wa kwanza wa ligi, walicheza michezo 22, wakashinda 18 na kutoka sare 4, wakapachika mabao 74 na kuruhusu 15, wakamwacha Aston Villa aliyewafuata kwa pointi 11. Na katika kombe walifika fainali na kuishinda Wolverhampton Wanderers 3–0 huko Kennington Oval, lango lao lisiguswe hata mara moja tangu mchezo wa kwanza wa kombe. Mbele yao walikuwapo John Goodall, mtulivu wa miguu na wa tabia, na Jimmy Ross aliyekuwa na uchu wa mabao. Aliyekosekana ni Nick Ross, kaka yake Jimmy na nahodha wa jana, ambaye kwa msimu ule mmoja alikuwa amehamia Everton. Alirudi mwaka uliofuata, Preston ikatwaa ligi mara ya pili, kisha kifua kikuu kikamchukua mwaka 1894 angali kijana.

Tangu hapo Preston haikuupata tena ubingwa wa ligi, na sababu yake ndiyo ile ile iliyouleta. Mlango wa malipo alioufungua Sudell waliuingia wengine wenye miji mikubwa na watazamaji wengi, wakaweza kulipa zaidi. Sudell mwenyewe alikuwa amekwisha kutumbukia katika shimo: mwaka 1895 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuziiba fedha za kiwanda alichokisimamia, fedha ambazo sehemu yake ilikwenda kwa timu na wageni wake. Alipotoka alihamia Afrika ya Kusini, na huko ndiko mauti yalikomkuta. Simtetei kwa wizi, lakini siwezi kumsoma bila ya huzuni.

Deepdale iliona pia kandanda ya wanawake, nayo ikakutana na kisa hicho hicho. Siku ya Krismasi 1917, wanaume wakiwa vitani, wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston, waliokuwa wakitengeneza zana za vita, walicheza hapo mbele ya watu 10,000 kuwachangia askari majeruhi. Na kufikia Desemba 1920 walijaza kiwanja cha Everton kwa watu wapatao 53,000, winga wao Lily Parr akiwa bado msichana wa miaka 15. Mwaka mmoja baadaye chama kikavipiga marufuku viwanja vya klabu zake visiwapokee, kikidai kandanda haiwafai wanawake na kwamba fedha za michango hazikutumika sawasawa. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Kombe la mwaka 1938 lilipatikana katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, pale George Mutch, aliyekuwa ameangushwa mwenyewe na kichwa kikimzunguka, alipopiga mkwaju wa penalti uliogonga mtambaa panya ukaingia, na Huddersfield wakalala 1–0. Katika kikosi hicho alikuwamo Bill Shankly, mwana wa kijiji cha wachimba makaa huko Uskoti, ambaye dunia humjua kwa ukocha wake Liverpool, ilhali ujana wake wa uchezaji uliiva Preston.

Mwaka huo huo alikuwa akijifunza kwao kijana dhaifu wa mwili, aliyezaliwa karibu na Deepdale mwaka 1922, ambaye akiwa na miaka 14 hakuzidi urefu wa futi 4 na inchi 9. Huyo ni Tom Finney. Klabu ilipomtaka, baba yake alishika sharti moja, kwamba kijana amalize kwanza kujifunza ufundi wa bomba, kwa kuwa mpira unaweza kumtupa mtu siku yoyote na mabomba ya watu hayaachi kuvuja. Kisha vita vikamchukua, akapelekwa Afrika ya Kaskazini na Italia katika jeshi la vifaru, na mchezo wake wa kwanza wa ligi ukangoja hata Agosti 1946, akiwa na miaka 24. Mguu wake wa asili ulikuwa wa kushoto, lakini aliufundisha wa kulia mpaka mabeki wasijue atokee upande gani. Akacheza winga zote mbili na mshambuliaji wa kati, akafunga mabao 187 katika michezo 433 ya ligi, na mabao 30 katika michezo 76 ya taifa. Huko Lisbon mwaka 1947, yeye akiwa kushoto na Stanley Matthews kulia, Uingereza iliifunga Ureno 10–0. Shankly, aliyecheza naye, alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba hajaona mchezaji aliyempita.

Mtu huyo mshahara wake ulikuwa sawa na wa mchezaji yeyote wa klabu kubwa, kwa kuwa ligi, baada ya ujira kuhalalishwa, ilikuwa imeuwekea dari. Mwaka 1952 dari hiyo ilikuwa pauni 14 kwa wiki. Katika mwaka huo klabu ya Palermo ya Italia ilimwahidi pauni 10,000 mkononi, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, nyumba ya fahari na motokaa. Alikwenda kwa mwenyekiti wake kuomba ruhusa; mwenyekiti akakataa, na kwa kanuni za siku zile neno la klabu lilikuwa la mwisho. Finney hakugoma wala hakununa. Alichukua mkoba wake wa spana akaendelea na biashara ya bomba aliyoianzisha na ndugu yake, akitengeneza mifereji ya watu katikati ya wiki na Jumamosi akiwapiga chenga mabeki. Watu humsifu kwa utiifu ule, nami namsifu. Lakini sikubali kwamba uzuri wa tabia yake uwe udhuru wa waliomfungia njia.

Preston haikumpa hata kikombe kimoja kikubwa. Mwaka 1953 ililingana na Arsenal kwa pointi 54, ikakosa ubingwa kwa wastani wa mabao. Mwaka 1954 ilifungwa fainali ya kombe 3–2. Mwaka 1958 ikawa ya pili. Aliaga mwezi wa Aprili 1960 dhidi ya Luton, takriban watu 30,000 wakiwa wamesimama. Miezi tisa baadaye, Januari 1961, wachezaji walipotishia mgomo, dari ya mshahara iliondolewa, na punde Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa wiki. Majira hayo hayo ya kuchipua Preston ilishuka daraja.

Alibaki mjini kwao mpaka alipofariki Februari 2014. Nje ya Deepdale imesimama sanamu yake, iliyochongwa kwa kufuata picha ya mwaka 1956 iliyopigwa siku ya mvua kubwa Stamford Bridge, pale pale alipokimbilia Wharton miaka 70 kabla: Finney ameinama, macho yako kwenye mpira, na maji yamepasuka pande zote mbili za mwili wake kama mbawa. Katika picha ni maji ya kidimbwi kilichotuama uwanjani. Katika sanamu yanarushwa na mabomba yaliyolazwa chini yake.