Uganda: Sheria ya kunasa mawasiliano

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kunasa mawasiliano Julai 14 mwaka 2010, siku tatu baada ya mashambulizi ya mabomu yaliyoua watu zaidi ya 70 jijini Kampala. Muswada wake, hata hivyo, uliandaliwa tangu mwaka 2007. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza kuingilia mawasiliano ya mtu. Sheria hiyo inaviruhusu vyombo vya usalama kuyasikiliza kwa kibali cha jaji. Pia ililazimisha usajili wa laini za simu. Zito zaidi, mwenye ufunguo wa ujumbe uliofichwa kwa msimbo akikataa kuutoa, hutozwa faini au hufungwa. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilikuja mwaka 2019.